Kopo la Kahawa Pembeni mwa Bwawa

Nyie vijana wa siku hizi mnaingia bwawani na saa za mkononi zinazohesabu kila kitu: umekwenda raundi ngapi, moyo umepiga mara ngapi, mafuta yameungua kiasi gani. Nawaona, na wallahi nafurahi, wala sina wivu. Ila mjue kwamba mimi Salama binti Omari, mtunza bwawa na mwalimu wa kuogelea mstaafu, niliwahi kuhesabia watu raundi kwa punje za kahawa, na kahawa hizo nusura zimnyang'anye mama wa watu kibanja chake cha migomba. Kosa lilikuwa langu. Nitawasimulia lote, lakini mnivumilie, maana nikianza habari za maji huwa siendi moja kwa moja.

Bwawa lenyewe mnalijua, hasa nyie wa Bugene. Ni lile la hosteli ya wageni kule juu kilimani, mita ishirini kutoka ukuta hadi ukuta, migomba nyuma yake, na ngazi ndefu za mawe kutoka getini zinazomtoa mtu jasho kabla hajaona maji. Nilifanya kazi pale zaidi ya miaka ishirini. Baba yangu alikuwa na duka Kayanga, mtu wa asili ya Pangani, na kila jioni alitusimulia bahari ambayo mimi sikuwahi kuiona hata siku moja. Basi msimamizi aliponiuliza kama najua kuogelea, nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba sisi watu wa Pwani. Uongo mtupu! Maji niliyokuwa nayajua ni ya ndoo.

Aliyenishtukia ni fundi Bwire, mtu wa Musoma, mfupi mwenye mabega mapana, aliyekuja kila mwezi kuangalia pampu. Aliniona nasugua vigae huku mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo. Akaniuliza taratibu kama bahari ya kwetu nayo ilikuwa na ukingo wa kushikia. Angeweza kwenda kunichongea, lakini hakwenda. Akaongeza wiki mbili kwenye siku zake za kazi, na kila asubuhi kabla wageni hawajanywa chai akawa ananifundisha. Mpaka leo nikimwombea dua namtaja kwa jina.

Wiki nzima ya kwanza alinikalisha kwenye ngazi ya bwawa nikipuliza mapovu. Nilikuwa mama wa watoto wawili, na nimekaa hapo napuliza mapovu! Lakini sikilizeni, hapa ndipo penye siri. Mtu mzima akiingiza uso majini anabana pumzi. Hewa chafu inabaki kifuani, akiinua kichwa hana pa kuweka hewa mpya, anahema juu juu, kifua kinakaza, na anatoka akiapa kwamba moyo wake ni mbovu. Kumbe moyo hauna tatizo, ni kwamba hajatoa hewa. Puliza majini polepole, kwa mdomo na pua, hadi kifua kiwe tupu. Ukigeuza uso pembeni, hewa itaingia yenyewe bila kubembelezwa.

Baridi nayo ina adabu zake. Asubuhi za Karagwe mnazijua, ukungu umelala juu ya migomba mpaka jua likaze. Usijitupe. Shuka ngazi moja moja, jimwagie maji kifuani na shingoni, subiri pumzi iache kuruka, ndiyo uende. Na haja ndogo uimalize kabla, kwa sababu maji yakikukumbatia mwili mzima damu inakimbilia ndani na figo zinaamka. Ikikubana katikati ya mazoezi, toka uende, hakuna aibu. Wale waliokuwa wanamalizia humo humo nawajua kwa majina. Nilikuwa napima maji kila siku, mnadhani nilikuwa nacheza?

Nilifanya makosa mengi tu. Mwaka wa kwanza nilizidisha dawa ya maji, wageni wakatoka macho mekundu kama wametoka msibani. Mwaka mwingine msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulikuja kwa nguvu, wakavutwa na taa za hosteli, na asubuhi nikakuta bwawa zima limefunikwa. Mimi na wavu wangu nikaanza kuwatoa. Kabla sijafika katikati, nusu ya Bugene ilikuwa imeshapanda kilima na ndoo na madishi. Nikawaambia hawa wameshalala kwenye dawa, hawafai kuliwa. Mama mmoja akanijibu kwamba sasa wameoshwa kabisa, kilichobaki ni chumvi na kitunguu. Nilisimama mbele ya ndoo zao na wavu mkononi mithili ya askari, na kuna watu hawakunisalimia mpaka Krismasi.

Haya, tuje kwenye mwili, maana ndiyo starehe yangu kuuongelea. Wiki ya kwanza ni mateso, nisiwadanganye. Raundi moja, yaani kwenda na kurudi, na moyo unausikia masikioni. Kesho yake mabega yanauma hata kufunga kilemba ni kazi. Halafu inakuja njaa, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Dereva mmoja wa lori alikuwa anaogelea nusu saa, akitoka anaingia mgahawani kule chini anashusha ndizi za nyama sahani mbili na soda. Baada ya mwezi akanijia amefura, anadai maji yangu yamemnenepesha. Nikamwambia kaka yangu, maji yangu hayana ndizi.

Lakini ukivumilia mpaka wiki ya tatu, ya nne! Siku hiyo huwa haipigi hodi. Unagusa ukuta kama kawaida yako, unajiandaa kusimama uheme, halafu unagundua kwamba hukuhitaji kusimama. Umeshageuka. Unarudi. Pumzi inaingia na kutoka, mikono inavuta, miguu inafuata, na kichwani pametulia. Nimewaona watu wazima wakitoka majini siku hiyo wanacheka peke yao. Mimi mwenyewe nilipoipata, nilimkumbatia fundi Bwire nikiwa nimelowa chepechepe, akalowa na yeye, akabaki kusema basi, basi mama, pampu inaniita.

Ndani ya mwili kinachotokea ni hiki. Moyo ni msuli, na msuli ukifanyishwa kazi kila siku mbili tatu unapata nguvu. Zamani ulikuwa unapiga mara nyingi ili kusukuma damu, sasa kila pigo linasukuma zaidi, basi hauna haja ya kukimbia. Ndiyo maana nikawa napima mapigo. Vidole viwili shingoni, chini ya taya, unahesabu sekunde kumi na tano. Unapima mtu akimaliza, unangoja dakika moja, unapima tena. Usiangalie sana umepanda wapi. Angalia unashuka haraka kiasi gani ukipumzika. Moyo uliozoea mazoezi unarudi chini upesi. Fundi Bwire ndiye aliyenionyesha hivyo, na mimi nikawa naandika kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha pampu, kila mwanafunzi na mstari wake.

Na sasa Ma Pelagia.

Alikuwa mjane kutoka Kaisho, amepita miaka sitini kidogo, mwanamke mrefu mwenye mwili, Mkatoliki wa kushika rozari hata akiwa jikoni. Magoti yalikuwa yamemchakaa. Kuinama kwenye migomba hawezi, kupanda mlima kwenda kanisani hawezi, na presha nayo ikaanza kusumbua. Mwanae Deo, aliyekuwa na kazi ya ofisini Mwanza, akamleta Bugene kwa mdogo wa kike wa mama yake ili awe karibu na matibabu. Daktari akamwambia apunguze mwili, na kwa kuwa kutembea kunamwumiza, ajaribu maji, kwa sababu maji yanambeba mtu na magoti yanapumzika.

Deo hakuwa mtoto mbaya, naomba mlijue hilo mapema. Alikuwa na hofu. Aliniambia mbele ya mama yake kwamba anampa miezi mitatu. Ikiisha hajaweza kujitegemea, anahamia Mwanza kwenye chumba ambacho kimeshapakwa rangi, na kibanja kitakodishwa. Akaniachia namba yake ya simu, akaniomba nikiona lolote nimpigie. Ma Pelagia alisubiri mpaka gari likaondoka. Kisha akaniambia kwamba migomba ile aliipanda akiwa bibi harusi, mumewe amelala pale pembeni ya mbuni wa kahawa, na yeye Mwanza hamjui mtu hata wa kumwomba chumvi.

Basi tukaanza. Wiki za mwanzo zile ngazi za mawe alizipanda akipumzika kila hatua chache, mdogo wake amemshika mkono. Siku ya kwanza alishuka majini na kitenge kiunoni, kikajaa hewa kikapanda mpaka mabegani, akabaki kichwa tu katikati ya maua. Tulicheka hadi tukashika ukuta. Nikampeleka kwa fundi cherehani Kayanga, akamshonea blauzi ya mikono mirefu na taiti nyeusi nzito, akawa amependeza na amejisitiri. Mtindo wa chura sikumfundisha, ule unayapinda magoti mabovu. Nilimlaza chali, miguu ikipigapiga kutokea nyongani, taratibu, na juu yake nikafunga kamba yenye vitambaa kutoka mgomba hadi nguzo ili ajue ukuta umekaribia asijigonge kichwa.

Mwezi wa kwanza aliteseka kama mtu yeyote. Alikuwa akimaliza raundi mbili, anashika ukingo na kunitazama kwa macho ya kunilaani kimyakimya. Mdogo wake akanipa habari kwamba usiku analala mpaka anakoroma, jambo ambalo halijatokea tangu msiba wa shemeji. Wiki ya tano uvimbe wa goti la kushoto ulipungua, nikaona mfupa. Mfupa wa goti, jamani, nilifurahi utafikiri nimeona mwezi wa Idi! Akafika raundi nane, kumi, kumi na mbili. Namba zake ukutani zilikuwa zinashuka wiki hadi wiki, na alikuwa ananiomba nimsomee kila siku ingawa anajua kusoma kunishinda mimi.

Tatizo likawa kuhesabu. Alikuwa anahesabu raundi kwa Salamu Maria, akawa anasali vizuri na anahesabu vibaya. Siku moja anasema kumi na nne, mimi nimeona tisa. Sasa mdogo wake alikuwa ameniletea zawadi ya kahawa za kutafuna, zile wanazoita akamwani, zimechemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa na maganda yake. Nikachukua kopo tupu la siagi, nikahesabu punje ishirini, nikaliweka ukingoni. Nikamwambia kila ukirudi hapa toa moja, kopo likiwa tupu umemaliza raundi ishirini, nenda kapumzike. Nikajiona mjanja kupita wote. Nikaenda zangu kwenye pampu yangu, nikirudi nakuta kopo tupu na mama amekaa kwenye benchi.

Mnaona kosa? Mimi sikuliona. Mtu niliyezaliwa Kayanga, niliyetafuna kahawa kabla sijaota meno yote, sikuliona.

Haikupita hata wiki baada ya kopo, mapigo yake yakapanda. Nikapima, nikangoja dakika, nikapima tena: hayashuki. Nikangoja dakika tano, bado. Vidole vinamtetemeka. Mdogo wake akasema usiku halali, anageukageuka, saa nane yuko macho anasali. Siku iliyofuata vilevile, na ya tatu vilevile. Pale ukutani namba ambazo zilikuwa zinashuka vizuri kwa wiki saba zikaruka juu kupita hata siku ya kwanza. Nikafikiria moyo wake umechoka, nimemsukuma kupita kiasi, mama wa watu atanifia majini. Sikumwuliza hata swali moja. Nikaingia chumba cha pampu, nikampigia Deo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi mwalimu, imetosha. Jumamosi nakuja kumchukua. Na kibanja nimeshapata mtu."

Ilikuwa Jumanne. Nilipomweleza Ma Pelagia nilichofanya, alikuwa anakausha nywele. Aliikunja taulo vizuri, akaiweka kwenye mfuko, akafunga mfuko.

"Umeniuza, mwalimu," akasema.

Akashuka zile ngazi peke yake bila kugeuka nyuma. Nilikaa kwenye benchi nikalia. Najua wengine mnadhani mtu wa kazi halii kazini, sawa, mimi nililia. Alikuwa amenipa magoti yake na siri zake, na mimi nimekwenda kusema kwa mwanae kabla ya kusema naye.

Jumatano hakuja. Alhamisi asubuhi pampu ikawa inavuta kwa shida, sauti yake ikawa nzito. Fundi Bwire alinifundisha kwamba pampu ikikohoa kitu cha kwanza ni kufungua chujio. Nikafungua kile kikapu chake. Kwa kawaida utakuta majani ya mgomba, nywele, na chura mmoja mwenye bahati mbaya. Siku hiyo kilikuwa kimejaa maganda. Maganda madogo ya kahawia, yamekatika katikati kwa meno. Nikayamwaga kiganjani nikayatazama. Mwanzo sikuelewa. Halafu nikaelewa yote kwa mpigo, nikajipiga kofi la paji la uso mpaka mfagiaji akageuka.

Nilipanda bodaboda na nguo zangu za kazi mpaka nyumbani kwa mdogo wake. Ma Pelagia alikuwa uani anamenya ndizi, mgongo amenigeuzia. Nikamwamkia, akaitikia kwa shida. Nikamwuliza zile kahawa za kwenye kopo alikuwa anaziweka wapi.

Akaacha kisu. "Waitu mwalimu, kahawa inawekwa wapi tena? Mtu amekuwekea akamwani mbele yako, kila ukifika anakukaribisha, utaiacha?"

Ishirini! Kila siku ya mazoezi, ishirini, moja kila anapogusa ukuta, anabangua, anatafuna, maganda anayaacha yaende na maji, anageuka anaondoka chali! Na mimi kumbe sikumwambia hata mara moja kwamba akitoa aiweke chini. Kwa nini nimwambie? Kopo lilikuwa la kuhesabia, kwangu mimi. Kwake lilikuwa kopo la kahawa mbele ya mgeni, na mgeni wa huku kwetu hakatai kahawa aliyowekewa. Hata kama ningesimama pale pale nisingemwona. Mtu kutafuna kahawa Karagwe ni jambo ambalo jicho halikamati. Akaniambia tena, kwa heshima, kwamba alishaanza kuona nazidisha ukarimu, lakini hakutaka kunivunja moyo.

Nikakaa chini kwenye majani ya mgomba nikacheka mpaka mbavu zikauma, na yeye akanitazama kwanza kwa mashaka, halafu nilipomweleza akacheka kunishinda. Mdogo wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akakosa wa kumjibu.

Lakini nilishajifunza kutokimbilia kuamini kichwa changu. Tukaenda zahanati siku ile ile, nesi akampima presha akasema iko vizuri kuliko alivyokuja mara ya kwanza, na akamwambia kahawa apunguze. Ijumaa akaogelea bila kahawa. Safari hii nilihesabia vizibo vya soda, maana vizibo hakuna atakayevitafuna. Nikapima, nikangoja dakika. Yameshuka. Siku tatu tu za kukaa bila kopo la kahawa, na moyo umerudi kwenye mstari wake. Nikaandika ukutani kwa herufi kubwa, chaki ikavunjika.

Nikampigia Deo. Nikamweleza kopo, maganda, nesi, vizibo. Kisha akaniambia kwa adabu kabisa kwamba ananishukuru, ila mwalimu wa kuogelea na daktari ni watu wawili, Jumanne nilimwambia mama yake anakufa na Ijumaa namwambia ni kahawa, yeye ashike lipi? Gari ameshajaza mafuta. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Jumamosi mama alikuja mapema. Nikamwuliza kama anataka kupumzika leo. Akaniambia kama ni siku ya mwisho, ataimaliza yote. Vizibo ishirini nikaviweka ukingoni. Akalala chali chini ya vile vitambaa, akaanza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, hewa safi, sauti iliyosikika ni miguu yake ikipigapiga. Kila akigusa ukuta anahamisha kizibo, anageuka. Mimi nilisimama na mikono kifuani nikiangalia ngazi za getini kuliko nilivyoangalia maji.

Deo alifika kizibo cha kumi na saba. Alikuwa amenenepa zaidi ya nilivyomkumbuka, shati limebana tumboni, anahema, uso unang'aa kwa jasho. "Shikamoo mama," akaniamkia, akakaa kwenye benchi kabla sijaitikia. Akamwita mama yake. Mama hakusikia, masikio yalikuwa majini. Au alisikia. Akamaliza kizibo cha kumi na nane, cha kumi na tisa, cha ishirini, akapanda ngazi ya bwawa bila kushika mkono wangu, akajifuta, akavaa gauni lake juu ya nguo mbichi. Mwanae akamwamkia, mama akampokea vizuri, akamwuliza habari za wajukuu. Ndipo akasema jambo ambalo hatukuwa tumelipanga.

"Umekuja kunichukua, sawa. Kwanza nisindikize getini, halafu turudi nichukue mfuko."

Deo akasema mfuko atauchukua yeye. Mama akawa ameshaanza kushuka.

Moyo wangu mimi ndio uliotaka kupimwa saa hiyo. Zile ngazi ni ndefu, na mama ametoka kumaliza raundi ishirini. Niliwatazama wakishuka, yeye mbele, mkono kwenye mawe, goti la kushoto akiliweka kwa uangalifu nilivyomfundisha. Wakagusa geti. Wakageuka. Katikati ya kupanda, Deo akasimama na kutoa simu, akaitazama kana kwamba imelia. Haikuwa imelia. Mama akaendelea. Akasimama kidogo kwenye kona, akapuliza pumzi yote nje kama yuko majini, akaendelea. Akafika juu, akakaa kwenye benchi, akanyoosha shingo yake kwangu.

Nikapima. Ishirini na nane kwa sekunde kumi na tano. Deo akafika anavuta miguu, nikamwomba na yeye akae, nikamwekea vidole. Hakukataa, hakuwa na pumzi ya kukatalia. Thelathini na nane. Tukangoja dakika moja, saa yangu ya ukutani inasikika kutoka chumba cha pampu. Nikapima tena. Mama, ishirini na moja. Mtoto, thelathini na sita.

Nikazisema kwa sauti. Nikamwomba Deo aje aone ukuta. Akasimama mbele ya mstari wa mama yake, wiki baada ya wiki, akapitisha kidole kwenye zile namba hadi pale zilipopanda, akaniuliza kama ndipo palipokuwa na kahawa. Nikasema ndipo, na nikamwambia kwamba aliyekosea ni mimi, niliogopa nikasema kabla ya kuuliza. Akatingisha kichwa. Alirudi kwenye benchi, akakaa karibu na mama yake, akafungua kifungo cha shati.

"Mama," akasema, "yule mtu wa kibanja nitamwambia nini?"

Ma Pelagia akamtazama vizuri, kuanzia usoni mpaka tumboni. "Mwambie mwenyewe yupo. Na wewe, mwanangu, hapo ulipo, nani amchukue nani akamtunze?"

Deo akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwepo pia.

Mama akafungua mfuko wake, akatoa kifurushi kidogo cha majani ya mgomba, akakifungulia magotini. Akamwani. Akanisogezea mimi kwanza. Nilikuwa sijasamehewa kwa maneno, na sikuhitaji maneno. Nikachukua moja, nikabangua, nikatafuna. Na yeye akachukua moja, moja tu, akaniangalia ili niihesabu.

Deo akanyoosha mkono. Mama yake akafunga majani.

"Wewe ngoja," akamwambia. "Moyo wako bado haujashuka."